Afande na Gari la Namba Mbili

Alhamisi, tarehe saba Novemba. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na haikukatika mpaka saa nne, halafu jua likatoka kali kana kwamba halikuhusika. Mtaro umefurika tena na matope yameingia dukani hadi chini ya rafu ya thina ya kuyeyushia rangi. Nimefunga mapema. Leo gari la Afande limeondoka hapa Kisenyi, Kampala, na wiki ijayo yeye na mkewe wanaondoka pia, wanarudi kwao Arua. Nataka kumwandika kabla sijaanza kumkumbuka vibaya. Mtu akishaondoka watu humpaka rangi upya, wengine nyeupe, wengine masizi. Mimi niliishia kidato cha pili na sina maneno mengi, lakini nitajaribu kumwacha na rangi yake.

Jina lake lipo, ila hapa mtaani hakuna anayelitumia. Alikuwa fundi katika karakana ya jeshi ujana wake, na neno Afande lilimfuata hata baada ya sare kwisha. Namfahamu tangu mimi na mume wangu tulipohamia hapa kutoka Busia ya Kenya, kabla mtoto wetu wa kwanza hajaanza shule. Sasa huyo mtoto ana ndevu. Duka langu la rangi za magari na gereji yake vinatenganishwa na mabati tu, kwa hiyo mengi ninayoyajua nimeyasikia kupitia mabati. Huenda mengine nimeyasikia nusu.

Kazi yake ilikuwa bodi. Gari lililopondwa alilipiga kwa nyundo za mbao mpaka likarudi umbo lake, na filla, ile ya kuziba mabonde, alitia kidogo sana, si kama hawa wa siku hizi wanaojenga mlango mzima kwa filla. Lakini nisimsifu kupita kiasi. Alikuwa mzito. Mteja aliambiwa Jumatatu, akachukua gari Ijumaa ya wiki nyingine, na akilalamika anajibiwa, "Hapana haraka. Hii si ambulensi." Wengine walihama kwa sababu hiyo na mimi siwalaumu.

Kwangu alikuja kununua msasa na kugombana.

"Mama Rangi, hii thina yako iko na maji."

"Si maji, Afande. Ni thina safi."

"Mimi najua maji na najua thina. Hii ni maji imevaa nguo ya thina."

Halafu ananunua. Na siku moja, nisiifiche, thina ile kweli ilikuwa na maji. Muuzaji wa jumla alitudanganya sote. Afande alirudisha kopo, akalisimamisha mezani bila kusema neno, akaenda zake. Alikuwa mtu wa kelele katika mambo madogo tu.

Kitu alichojulikana nacho zaidi ni kupiga namba. Hapa Kisenyi ukinunua gari leo, kesho unalipeleka kuchorwa namba ya pleti kwenye vioo vyote, kwenye taa, kwenye redio, la sivyo wezi wa spea watakuuzia taa zako mwenyewe. Sehemu isiyo na namba ni sehemu iliyokwisha kuuzwa. Afande aliamini hivyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na vyuma vidogo vya kupigia namba, kila tarakimu na chuma chake, vilivyofungwa kwenye kitambaa cha flana, na namba yake ilinyooka kama mstari wa daftari. Alipiga namba kwenye spana. Alipiga kwenye kiti chake, kwenye kufuli, kwenye jiko la makaa la mkewe. Asubuhi moja nilikuta ameipigia namba birika yangu ya chai bila kuniuliza.

"Sasa iko salama," aliniambia. "Mwizi akichukua, anachukua na jina."

Na bado, kwenye rafu yake mwenyewe niliwahi kuona vioo viwili vya pembeni vilivyosuguliwa pale ambapo namba hukaa. Siwezi kusema alijua vimetoka wapi. Siwezi kusema hakujua. Kisenyi yote inaishi hivyo, mkono huu unafukuza mwizi, mkono ule unanunua kioo.

Sasa nije kwenye gari. Lilikaa mwisho wa gereji chini ya turubai. Ni gari la mbio, la Kitaliano, la zamani sana, jekundu, fupi la kimo hata mimi nililitazama kutoka juu. Bodi ni alumini tupu. Pua ndefu, viti viwili vyembamba, usukani wa mbao upande wa kulia. Afande alilifunua siku za Idd tu, akaliwasha, na mtaa mzima ukanyamaza kusikiliza. Wasomali wa duka la jumla walitoka nje. Bodaboda walizima pikipiki zao. Mlio wake ulianzia chini kama mtu anayesafisha koo, ukapanda, na ukipanda ulihisi mabati yangu yanatetemeka ukiyashika.

Historia yake nimeisikia mara nyingi na haikuwa sawa kila mara, kwa hiyo ninaandika yale yaliyorudiwa tu. Mtaliano mmoja mjenzi wa madaraja alilileta kwa meli hadi Mombasa, kabla ya uhuru, akalikimbiza mashindanoni Kenya na hapa. Alipochoka nalo akamuuzia Mhindi wa Jinja mwenye kiwanda cha pamba. Wahindi walipofukuzwa, gari likabaki kwenye ghala, na ofisa mmoja wa jeshi akalichukua, kama walivyochukua vingi. Akaliendesha mjini mpaka klachi ikaungua. Hapo ndipo liliposukumwa hadi karakana ya jeshi, na Afande, kijana bado, akaliona kwa mara ya kwanza.

"Niliona bodi yake," alisema, "nikaona kumbe mimi sikuwa fundi. Mimi nilikuwa nagonga madebe tu."

Vita ikaja, ofisa akakimbia, gari likabaki uani miaka mingi linanyeshewa. Walipouza vyuma chakavu vya karakana, Afande akalinunua pamoja na vyuma vingine kwa kipimo cha uzito. Hakuna aliyegombana naye. Wengine walitaka injini za malori.

Tangu hapo akawa na msemo wake. Kila aliyeuliza kwa nini haliuzi aliambiwa, "Wenyewe watakuja." Alimaanisha Wataliano, au watu wanaojua. Siku wakija watalitambua, watasema ndilo, na siku hiyo atajenga nyumba Arua na kumpeleka mkewe nyumbani. Hiyo ndiyo ahadi aliyompa. Sikuwapo alipoitoa, lakini mkewe aliirudia mbele yangu mara nyingi, na Afande hakuwahi kuikana.

Mkewe ni Mkatoliki na Afande ni Mwislamu. Kila Jumapili alimsindikiza mpaka kanisa kuu la Lubaga, akakaa nje ukutani na redio yake ndogo mpaka misa ikaisha, kisha wakashuka kilima polepole kwa sababu ya magoti ya mama. Sijawahi kuwasikia wakibishana dini. Walibishana gari. Mama aliliita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu ameamkaje leo?" humuuliza akileta uji. "Umemfunika vizuri? Mimi nalala chini ya bati linalovuja, yeye ana turubai."

"Huyu ndiye atakujengea nyumba."

"Kale, haya. Mwambie aanze na msingi."

Tulicheka, na yeye alicheka. Lakini magoti yalizidi kuvimba kila msimu wa mvua, na chumba chao kilikuwa bondeni pale Namuwongo ambako maji huingia bila hodi. Alitaka kurudi kwao kwenye ardhi kavu, penye dada zake, awe anakaa nje jioni bila kuruka mtaro. Hakuomba zaidi ya hapo.

Kijana mmoja Muganda wa gereji ya pili, ambaye l kwake hugeuka r, alizoea kumchokoza mzee. "Afande, gari rako ritaondoka rini?"

"Siku ya kiama."

"Siku hiyo barabara itakuwa na jamu, mzee!"

Kuna jambo jingine dogo. Mwaka fulani kuku wa jirani aliingia chini ya turubai akatagia kwenye kiti cha dereva. Idd ilipofika watu walikusanyika kusikia mlio, na Afande, aliyewahi kumtupia mteja spana, akatangaza kwamba mwaka huu haliwashwi kwa sababu mama mmoja amelala humo. Alisubiri mpaka vifaranga wakatoka. Naliandika hili kwa sababu wengi wanasema alikuwa mkali, na ni kweli alikuwa mkali.

Mwaka huu ndipo wenyewe walipokuja.

Mteja mmoja kutoka Nairobi, mfanyabiashara anayekusanya magari ya zamani, alipita kutafuta fundi wa bodi, akaliona gari, akalipiga picha kwa simu. Sisi tulimwita Mnairobi. Mwezi wa nane akarudi na mzee wa Kitaliano, mwembamba, shati limepigwa pasi. Kazi yake ni kuthibitisha kama magari ya mbio ya zamani ni halisi. Afande alivaa kanzu. Mkewe aliletwa kwa boda, akawekewa kiti mbele. Mimi nilileta soda na nikabaki, kama mtaa mzima ulivyobaki.

Ninataka kuwa wa haki kwa yule Mtaliano. Alilala chali kwenye kartoni chini ya gari na shati lake lile lile. Alipapasa bodi yote kwa kiganja, akasimama kwenye ubavu wa kushoto mbele, akasema kitu. Mnairobi akafasiri: "Anasema kipande hiki si cha kwao. Kizuri sana, lakini si cha kwao."

Afande alifurahi mno. "Ile mimi nilipiga! Ya zamani ilioza. Huyu anajua. Nilisema watakuja wenye kujua."

Kisha Mtaliano akachukua tochi na kioo kidogo, akatafuta kwenye bomba la chasisi upande wa mbele. Akatafuta sana. Akahamia kwenye injini. Akarudi kwenye chasisi. Nilimwona Afande anangoja kwa tabasamu, kama mtu anayejua zawadi iko kwenye kisanduku gani.

"Anatafuta namba," alisema Mnairobi.

"Namba iko! Kila mahali iko namba! Mwambie aangalie." Na akaenda mwenyewe kuonyesha, hapa kwenye chasisi, hapa kwenye injini, kwenye giaboksi, kwenye kila rimu, namba ya pleti ya Kampala imepigwa safi, imenyooka.

Mtaliano alisoma zote. Akauliza kwa upole, na Mnairobi akasita kabla ya kufasiri. "Mzee, hii ni ya pleti. Anauliza ile ya kiwandani. Ndogo. Ilikuwa hapa hapa kwenye bomba, na nyingine hapa kwenye injini."

"Ile ndogo?" alisema Afande. "Ile nilitoa."

"Ulitoa vipi?"

"Kwa grainda. Nikasugua na msasa."

Kwa mbali mtu alikuwa anapiga honi.

Afande akaeleza, na mimi nathibitisha alichoeleza kwa sababu wazee wengine wa mtaa wanakikumbuka. Kulikuwa na kipindi askari walipita gereji zote kutafuta magari ya wizi. Gari likikutwa na namba kwenye chuma isiyofanana na ile ya kadi, linavutwa, na halirudi. Kila mtu Kisenyi alijua: gari la namba mbili ni gari la wizi. Kadi yake yeye ilikuwa na namba ya pleti tu. Basi usiku wa kuamkia msako akafuta ile ya Ulaya, akapiga ya hapa kila mahali. Askari walikuja, wakaangalia, wakaondoka. Magari mengi yalivutwa siku ile. Lake lilibaki.

"Ningeacha wachukue?" aliuliza. Alimwuliza Mtaliano moja kwa moja, kwa Kiswahili, kana kwamba anakijua.

Mnairobi alifasiri yote. Mtaliano akasema magari ya aina hii yalitengenezwa machache sana, na yote yanajulikana kwa namba zake, nani alilikimbiza na wapi. Moja lilipotelea Afrika. Huenda ndilo hili. Yeye mwenyewe anaamini ndilo. Lakini anachoamini hawezi kukitia sahihi, na bila namba gari hili kwa wanunuzi ni nakala tu, gari lililotengenezwa lifanane.

Mkewe Afande akainama kutoka kitini. "Mzee, mwambie ilikuwa namba gani. Wewe unakumbuka boliti za magari ya watu waliokufa. Hii huikumbuki?"

Afande alifumba macho. Alisema kulikuwa na saba. Au moja. Akafungua macho akasema, "Nilikuwa nafuta. Mtu anayefuta hasomi."

Mtaliano alimshika mkono kwa mikono yake miwili, muda mrefu. Soda zangu zilibaki nusu.

Nimefikiria sana jambo hili na bado sijui niliweke wapi. Asingeifuta ile namba, gari lingevutwa na hakuna ambaye angelithibitisha leo. Aliifuta, gari likabaki, na hakuna anayeweza kulithibitisha leo. Mtu mwenye akili kunizidi labda ataona mlango hapo. Mimi nazunguka tu.

Mwezi wa tisa Mnairobi alirudi peke yake, na mazungumzo yao niliyasikia kupitia mabati. Alisema kwenye orodha za huko Ulaya namba iliyopotea inajulikana, ni moja tu, haiwezi kuwa nyingine. Vyuma vya kupigia mzee anavyo. Mkono anao. Nani atajua?

"Ya kwanza niliitoa kwa ujinga," alijibu Afande. "Hii unataka nipige kwa akili. Hapana."

"Mzee, si uongo. Ni kurudisha tu kilichokuwepo."

"Wewe ulikiona?"

"Sikukiona."

"Hata mimi sikukiona. Nilikisugua tu. Sasa nipige nini?"

Jioni hiyo mkewe alimsubiri kwenye baraza langu, na alipotoka akamwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti: "Sawa. Heshima ni yako peke yako. Magoti ni yangu." Kisha akasema hataki namba ya uongo pia, ila angependa kuulizwa. Wakaondoka. Naona wote wawili walikuwa na haki, na hilo halikumsaidia hata mmoja wao.

Sikusikia lililofuata. Najua tu kwamba walikubaliana Mnairobi alichukue kama nakala, kwa bei ya nakala, na inatosha nyumba ndogo Arua na nauli. Mnairobi atalifanya nini huko kwao, sijui. Huenda atalipigia ile namba mwenyewe. Huenda hapana. Sina ushahidi, na alikuwa mtu wa adabu kwangu siku zote.

Leo basi. Mvua ilipokatika lori la kubebea magari likaingia kinyumenyume, vijana wakatupa mbao kwenye matope. Gari lilisukumwa, halikuwashwa. Afande alikuwa kwenye ovaroli yake ya kazi, si kanzu. Wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mwanamke wa haraka mwenye buti za mvua, alikuwa anajaza karatasi kwenye simu.

"Gari hili ni la kiwandani au nakala?"

Mnairobi alimtazama Afande. "Mzee, wewe ndiye mwenyewe. Sema."

Mkewe alikuwa kitini mlangoni kwangu, miguu juu ya kopo la rangi ili isiguse maji. Hakumwangalia mumewe. Aliangalia magoti yake.

"Nakala," alisema Afande.

"Sisikii, mzee, lori linanguruma."

"Nakala!" Akarudia kwa ile sauti ya jeshi. "Ni nakala. Mimi nilitengeneza."

Wakala akainua uso kutoka kwenye simu. Akalitazama gari toka pua hadi mkia, akamtazama mzee. "Wewe? Kwa mkono wako? Yote hii?"

"Yote."

"Banange! Mzee, wewe ni hatari. Watu, mmesikia? Ametengeneza mwenyewe!" Akaanza kupiga makofi. Vijana wa kusukuma, ambao ni wageni hapa, wakapiga makofi pia, na wapita njia wakapiga, hata yule Muganda wa gereji ya pili akapiga, ingawa yeye anajua si kweli. Mmoja akapiga mluzi. Afande alisimama katikati yao, akawashukuru kwa kichwa, mara moja upande huu, mara moja upande ule, kama mtu anayepokea pole msibani.

Lori lilipopinda kona aliingia dukani kwangu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi najua, kwamba wengi tunajua. Nikaona maneno hayo yangemwongezea uchungu tu. Nikamuuliza kama amekula. Akasema bado. Akaniomba nguo kuukuu ya kupangusa mikono, ingawa mikono ilikuwa safi, akaipangusa, akamwinua mkewe kutoka kitini na wakaondoka taratibu, yeye akimtafutia mahali pakavu pa kukanyaga.

Mume wangu amerudi saa moja akaniuliza makofi ya mchana yalikuwa ya nini, maana ameyasikia yakisimuliwa mpaka stendi. Nimemwambia watu walikuwa wanamsifu Afande. Akasema vizuri, mzee anastahili. Tumekula posho, ugali wa huku, na dagaa wa mukene kwa karanga, na maharage ya jana yaliyobaki.